Dawa ya Kuzuia Kuoza: Tuitie au Tuiache?

Akina mama wenzetu, wengi wetu tunajua kutengeneza sabuni ya maji. Tulijifunza katika vikundi, katika semina, au kwa jirani aliyetutangulia. Kutoka kwenye sabuni, hatua inayofuata huwa ni losheni ya mwili, halafu krimu ya uso, halafu mafuta ya nywele. Vyombo ni karibu vile vile: ndoo, mzani, sufuria na jiko. Ndiyo maana mwanamke akishaizoea sabuni huona kwamba losheni nayo ni kazi ya mchana mmoja. Na kweli, kuitengeneza ni kazi ya mchana mmoja. Lakini kuifanya ikae kabatini miezi mitatu bila kumdhuru mtoto wa mtu ni habari nyingine kabisa, na hiyo ndiyo tunayotaka tuizungumze mwezi huu.

Sisi tuko wanawake tisa. Hukutana Alhamisi baada ya kipindi cha akina mama, jikoni kwa mmoja wetu hapa Morogoro. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiuza mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki. Faida yake si kubwa, lakini imewahi kulipa sare za shule na madaftari. Wateja ndio walioanza kutuomba losheni nyepesi, kwa sababu mafuta yenye nta hunata wakati wa joto. Tukakubaliana kwamba hatutauza hata chupa moja kabla ya kujaribu wenyewe.

Hapo hapo tukagawanyika. Wanne kati yetu walitaka losheni isiyo na kihifadhi chochote, na chupa iandikwe kwa herufi kubwa: BILA KEMIKALI. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesikia habari za vipodozi vinavyochubua ngozi, wamewaona wanawake wenye nyuso zilizoharibika kwa krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, na walijua kwamba mteja wa leo hupenda neno “asilia”. Waliobaki tulitaka kihifadhi, ila hatukujua kipi. Tulibishana Alhamisi tatu mfululizo.

Tuanze na jambo ambalo lilitutuliza pande zote mbili. Bakteria na ukungu huhitaji maji ili waishi na kuzaana. Mafuta matupu, yasiyo na tone la maji, hayawapi nafasi. Kwa hiyo yale mafuta yetu ya nazi na nta hayakuhitaji kihifadhi, na hayahitaji hadi leo, mradi mtu asitumbukize vidole vilivyolowa. Yanachoweza kufanya ni kuchacha, yaani kutoa ile harufu ya mafuta ya zamani, kwa sababu ya hewa na mwanga. Hapo ndipo vitamini E inaposaidia. Wauzaji wengi huiuza vitamini E kama kihifadhi, na akina mama huitia kwenye losheni wakidhani wamemaliza. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha. Haiui bakteria hata mmoja.

Sabuni ya mche nayo hujilinda yenyewe kwa ukali wa magadi yake. Lakini losheni ni maji. Katika chupa ya losheni ya kawaida, sehemu tatu kati ya nne ni maji, na ndani yake kuna mafuta, glisirini na mara nyingi majani au matunda tuliyoyaponda. Ukifikiri vizuri utaona kwamba tumewapikia wadudu hao supu, tukaiweka mahali pa joto, halafu tunaifungua kila asubuhi na kuchovya kidole.

Tulifanya jaribio ambalo mama yeyote anaweza kulifanya. Tulitengeneza chupa nne ndogo. Ya kwanza tuliitia uzito kwa wanga wa muhogo. Ya pili kwa zanthani, ule unga mweupe ambao waokaji wa mikate hutumia. Ya tatu zanthani tena, pamoja na utomvu wa shubiri kutoka bustanini. Zote tatu bila kihifadhi. Ya nne ilikuwa kama ya pili, lakini yenye kihifadhi. Tukaziweka rafuni na kuandika tarehe.

Siku ya tano ile ya wanga ilikuwa imekuwa nyepesi kama uji uliochacha. Ilikuwa imeliwa, maana bakteria huuvunjavunja wanga na kuufanya chakula. Siku ya tisa ile ya shubiri ilibadilika rangi kuwa kahawia na kutoa harufu ambayo hatutaieleza hapa. Lakini chupa iliyotufundisha zaidi ni ile ya pili. Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Wiki ya pili nzuri, wiki ya tatu nzuri, ya nne vile vile, nyeupe, laini, inanukia. Katika wiki ya tano tukaona vidoadoa vyeusi chini ya kifuniko. Ukungu unapoonekana kwa macho, umeshakuwamo siku nyingi, na bakteria wanaweza kufika mamilioni katika kijiko kimoja cha losheni bila kubadilisha rangi wala harufu. Ile chupa ya wanga isingemdanganya mtu. Ile ya pili tungeiuza.

Tena tusidhani kwamba haya ni mambo ya jikoni tu. Mwaka 2006, huko Barcelona, Hispania, wagonjwa watano mahututi katika hospitali moja waliambukizwa bakteria aitwaye Burkholderia cepacia, na chanzo kilipatikana ndani ya losheni ya mwili waliyokuwa wakipakwa. Bakteria huyo alikuwamo hata katika chupa ambazo zilikuwa hazijafunguliwa. Mtu mzima mwenye afya huenda asidhurike. Lakini mtoto mchanga, mgonjwa, mzee mwenye kisukari na kidonda mguuni, au mtu mwenye ukurutu ambaye ngozi yake imepasuka, hao ndio wanaopakwa losheni kuliko wengine wote.

Baada ya chupa hizo nne ubishi juu ya kihifadhi ulikwisha. Ukabaki ubishi wa kipi.

Hapa tutasimulia kilichotokea sokoni. Tulikwenda watu wawili kwenye duka la malighafi za sabuni. Kijana wa pale alitupokea vizuri, akatupimia glisirini, kisha akatoa chupa ndogo isiyo na karatasi na kusema, “Mama, hii ndiyo kiboko. Vifuniko viwili kwa ndoo, haiozi mwaka mzima.” Mwenzetu mmoja ni mwuguzi mstaafu. Alifungua, akanusa kwa mbali, akafunga. “Mwanangu,” akamwambia kwa upole, “hii ni formalini. Sisi tulikuwa tukiitumia mochwari.” Kijana hakubisha. Alisema wote wanaotengeneza sabuni huinunua.

Alisema kweli. Formalini imo katika maelekezo mengi ya sabuni ya maji yanayozunguka katika vikundi vyetu, imeandikwa tu “dawa ya kuzuia kuoza”. Ndani yake mna gesi ya formaldehidi iliyoyeyushwa katika maji. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mbali na hilo, huwasha macho na koo, na huleta mzio wa ngozi ambao mtu akishaupata hubaki nao. Jikoni lisilo na dirisha kubwa, mama anayeikoroga ndiye anayeivuta kwanza. Kama maelekezo yako yanasema formalini, tunakusihi uyaweke kando.

Basi ni kipi? Tutasema tulivyovipima kimoja kimoja.

Parabeni ndizo zinazosemwa vibaya kuliko zote. Habari hizo zilianza mwaka 2004, pale Philippa Darbre wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na wenzake walipoeleza kwamba wamekuta parabeni katika uvimbe wa saratani ya matiti wa wanawake 20. Utafiti huo haukuonyesha kwamba parabeni ndizo zilizoleta saratani, wala haukulinganisha na titi lisilo na ugonjwa. Lakini habari ikishatoka haikamatiki. Umoja wa Ulaya ulizipima tena, na mwaka 2014 ukapiga marufuku tano kati yake na kupunguza kiwango cha nyingine mbili, propili na butili, hasa kwa watoto walio chini ya miaka mitatu sehemu zinazofunikwa na nepi. Methiliparabeni iliachwa, kwa kiwango kisichozidi asilimia 0.4. Sisi hatukuona sababu ya kuiogopa. Tuliiacha kwa sababu ya kikazi tu: huyeyuka kwa shida katika maji baridi, na katika krimu yenye mafuta mengi parabeni hukimbilia kwenye mafuta na kuyaacha maji, ambako wadudu ndiko waliko, bila ulinzi wa kutosha.

Sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti ni vihifadhi vya chakula, utavikuta kwenye juisi na jamu. Mioyo yetu ilivipenda. Tatizo ni kwamba hufanya kazi katika uchachu tu. Kama pH ya losheni imezidi 5 hivi, nguvu yake hupungua sana, na ikifika 7 ni kama hukutia kitu. Zaidi ya hayo hukabili ukungu vizuri kuliko bakteria. Mama asiye na karatasi za kupimia pH asivitumie. Mwenye nazo anaweza kushusha pH kwa chembe za asidi ya sitriki, akipima kila baada ya kuongeza.

Kipo kingine ambacho kiliwahi kujaa katika losheni na taulo za watoto, jina lake refu ni methili-isothiazolinoni. Dozi ndogo sana hutosha, ndiyo maana viwanda vilikipenda. Lakini kilileta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba mwaka 2013 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kilikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, na mwaka 2017 Ulaya ikakiondoa katika vipodozi vyote vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Ukikiona kwenye lebo ya kihifadhi unachouziwa, kirudishe.

Sisi tulichagua fenoksiethanoli iliyochanganywa tayari na kiambato kingine cha ukoo wa glisirini kinachoisaidia. Ni majimaji, hufanya kazi hata pH ikipanda kidogo, na haina harufu kali. Yenyewe ni dhaifu kwa ukungu, ndiyo maana huja na msaidizi. Kiwango kinachoruhusiwa Ulaya ni asilimia 1, usizidishe. Kwa watoto wadogo hata wataalamu wamesemezana: mwaka 2012 wakala wa dawa wa Ufaransa alishauri isitumike kabisa sehemu za nepi, na kwa watoto walio chini ya miaka mitatu isizidi asilimia 0.4 sehemu nyingine. Mwaka 2016 kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya ikasema asilimia 1 ni salama kwa wote, watoto wakiwamo. Tulisoma yote mawili tukaamua losheni yetu iwe ya watu wazima, na tuiandike hivyo.

Sasa tuje kwenye uzito, maana mteja huanza na uzito. Akiminya chupa losheni ikakimbia kama maziwa, hairudii tena. Kosa lililoenea ni kudhani kwamba losheni nzito ni losheni imara. Uzito haulindi kitu. Vitu vingi vya kutia uzito, kama wanga, zanthani na gundi za mbegu, hutokana na mimea au bakteria, na kwa wadudu ni chakula cha ziada. Ukiongeza uzito, usipunguze kihifadhi.

Wanga wa muhogo tuliuacha kwa sababu mliyoiona. Zanthani tuliichagua kwa sababu ni rahisi na haisumbuliwi na chumvi wala uchachu. Gramu 3 kwa kilo moja zinatosha losheni nyepesi. Ukifika gramu 10 utapata kitu kama kamasi, mtusamehe kwa neno hilo, lakini ndivyo kilivyo. Ukiinyunyiza moja kwa moja kwenye maji itafanya mabonge ambayo hayavunjiki hata ukoroge hadi jioni. Dawa yake ni kuilowanisha kwanza katika glisirini mpaka iwe kama tope laini, ndipo umimine maji polepole.

Kaboma hutoa jeli inayong'aa kama kioo, lakini lazima iamshwe kwa kitu cha magadi, na ikikutana na chumvi au utomvu wa shubiri huvunjika na kurudi kuwa maji. Hatukuona haja. Nta ya nyuki hutia uzito upande wa mafuta, ila peke yake haiwezi kuyashikanisha maji na mafuta. Kwa kazi hiyo ipo nta maalumu ya kuchanganyishia, nayo hainunuliki kwa wafugaji wa nyuki bali kwa wauzaji wa malighafi. Kwa wanaotengeneza sabuni ya maji, chumvi ndiyo inayotia uzito, na kila mmoja anajua. Lakini ina kilele chake: ukikipita, kila kijiko unachoongeza kinaifanya sabuni iwe nyepesi zaidi. Yeyusha chumvi pembeni, ongeza kidogo kidogo, na uache mapema.

Ndoo yetu ya kilo 2 huenda hivi: maji yaliyochemshwa gramu 1,500, mafuta 300, nta ya kuchanganyishia 100, glisirini 60, setili alkoholi 14 kwa ulaini, zanthani 6, na kihifadhi 20. Maji na mafuta hupashwa moto mbalimbali, kisha huunganishwa na kukorogwa hadi yapoe kiasi cha mkono kuvumilia, ndipo kihifadhi kiingie. Utaona tunataja gramu tupu. Kifuniko cha chupa si kipimo, na kijiko cha mama mmoja si cha mwingine. Mzani wa dijitali unaosoma sehemu ya kumi ya gramu ndicho kifaa tulichokinunua kwa fedha nyingi kuliko vyote, na mweka hazina wetu alilalamika wiki nzima. Miko ya mbao tuliipeleka kwenye ugali, maana mbao hunywa maji na kuficha uchafu; tunakorogea chuma kisichoshika kutu. Na tunatumia chupa za kuminya badala ya makopo ya kuchovya.

Shubiri mbichi, parachichi, maziwa na maji ya mchele tumeviweka nje ya chupa. Hatuvichukii. Jipake siku ile ile ulipovitayarisha, kisha tupa kilichobaki. Ukivitia ndani ya losheni huleta bakteria wengi kiasi kwamba kihifadhi cha kawaida hulemewa.

Kwa wanaotaka kuuza madukani, kazi ya kusimamia vipodozi iliyokuwa ya TFDA ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019. Jikoni hatuwezi kuhesabu bakteria. Kinachohitajika ni maabara. SIDO nao wana mafunzo kwa wajasiriamali wadogo.

Yale maneno BILA KEMIKALI hatukuyaandika. Wale wenzetu wanne ndio waliosema tusiyaandike, kwani hata maji ni kemikali. Tukaandika majina ya vyote vilivyomo, tarehe ya kutengenezwa, na “isipakwe watoto walio chini ya miaka mitatu”. Lebo hiyo ilitupunguzia wateja mwanzoni, hatutaficha.

Wiki ya pili ya mauzo akaja mama mdogo na mtoto wa miezi mitatu mgongoni, mashavu yake yana ukurutu mwekundu. “Shikamoo mama zangu, nataka ile isiyo na dawa kabisa.” Tulitazamana. Losheni isiyo na dawa tungeweza kumtengenezea jioni ile ile, ingependeza, na angetulipa. Tulimweleza habari ya maji. Mwuguzi wetu alimwambia ampeleke mtoto kliniki aonwe, na kwa sasa ampake mafuta ya mgando ya dukani yasiyo na manukato, hayana maji na ni rahisi kuliko mafuta yetu. Mweka hazina alikohoa aliposikia hilo la bei, lakini hakusema neno. Yule mama alishukuru, akaondoka bila kununua kitu.

Kutoka kila ndoo tunaweka chupa moja rafuni na kuitazama kwa miezi mitatu: rangi, harufu, uzito, pH. Daftari liko pembeni yake. Rafu hiyo ni ya mume wa mwenzetu, alikuwa akiweka redio na vitabu vyake, naye ameshauliza mara mbili itarudi lini.